Mkosa Kwao Mtumwa: Swali Linaloulizwa Sebuleni

(Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya walimu, wazee na vijana. Wengi walitaka kuja wakashindwa, ndiyo maana naiweka hapa nzima, kama nilivyoisema.)

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo. Vijana mliosimama pale mlangoni, viti vipo huku, sogeeni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya "historia ya utumwa katika pwani yetu". Barua nimeikubali. Neno "historia" naomba mniruhusu niliweke kando kwa saa hii moja, maana historia kwa desturi yetu ni jambo lililopita, na ninalokuja kulisema halijapita. Limekaa sebuleni. Limekaa kwenye kochi letu, tunalipa kahawa, wala hatulitaji jina.

Niwape kisa cha nyumbani kwetu.

Mwaka 1986 mdogo wangu wa kiume alitaka kuoa. Kijana ana kazi, anaswali, hanywi, hana deni la mtu. Binti mwenyewe amemridhia. Mama yetu akafua kitambaa cheupe, akakipiga pasi ya mkaa, akaweka ndani barua ya posa na fedha, akafunga. Mama alikuwa na fundo lake ambalo sijaliona kwa mtu mwingine: anazungusha ncha mara mbili, kisha anaacha mikia miwili imesimama kama masikio ya sungura. Mjomba wetu ndiye aliyekuwa mshenga. Akakipeleka kitambaa kile juu ya sinia, akapokewa vizuri sana. Halua, kahawa, maneno matamu. Akaambiwa, tupeni wiki mbili.

Wiki mbili zikaisha, mjomba akaitwa. Akarudi nyumbani na sinia, na juu ya sinia kitambaa. Mama akakiangalia. Fundo lile lile. Masikio yale yale mawili. Hawakukifungua.

Mjomba alikuwa amewauliza, kuna kasoro gani? Mzee wa nyumba ile, na nasema haki, alikuwa mtu mpole, akamjibu: "Kijana hana kasoro. Ila, bwana, kwao ni wapi?"

Kwao ni wapi! Ndugu zangu, sisi na wao tulitenganishwa na mitaa mitatu. Tulicheza pamoja, tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tulizikana. Mzee yule aliijua nyumba aliyozaliwa mdogo wangu, na mkunga aliyemzalisha alimjua. Hakuwa anauliza njia ya kufika.

Alikuwa anauliza nini?

Sisi walimu tuna methali tunaifundisha: mkosa kwao mtumwa. Tunaiandika ubaoni, tunawaambia wanafunzi waeleze maana na matumizi. Nimefundisha miaka 34. Wanafunzi huandika, "Methali hii inatuhimiza kupenda nyumbani." Nami nikaweka vema. Mwaka baada ya mwaka naweka vema! Hadi fundo la mama liliporudi halijafunguliwa ndipo nilipoisoma methali ile kwa macho yangu mwenyewe. Haihimizi kitu. Inaeleza mtumwa ni nani. Mtumwa ni mtu aliyekatwa kwao.

Watu waliotolewa Unyasa, Uyao, Umanyema, Unyamwezi, wakateremshwa hadi Kilwa, Bagamoyo na hapa jirani zetu Pangani, hawakunyang'anywa nguvu zao za kazi tu. Walinyang'anywa majina. Aliyekuwa mtoto wa fulani wa ukoo fulani akafika pwani akaitwa Mabruki, akaitwa Feruzi, Almasi, Faida, Baraka. Majina mazuri, yenye heri na vito ndani yake, lakini hayana baba. Ukimuuliza Feruzi, wewe Feruzi wa nani, jibu lake ni jina la bwana wake.

Kwa hiyo mzee yule wa 1986, miaka 64 baada ya sheria kuufuta utumwa Tanganyika, alikuwa anauliza swali la dalali wa Pangani. Simsemi kwa chuki. Sidhani kama mwenyewe alijua swali lile limetoka wapi. Hilo ndilo linalonitisha. Daraja za watu zikiandikwa mlangoni, mtu atazisoma na atazipinga. Zikiingia ndani ya adabu, ndani ya methali, ndani ya swali la upole juu ya kahawa, nani atazipinga?

Sasa twende kwenye maneno, maana mimi ni mwalimu wa lugha na maneno ndiyo shamba langu.

Mwungwana ni nani? Leo mkisema "yule bwana ni mwungwana" mna maana ana adabu, hana makuu, anasema polepole. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba, mzaliwa wa mji. Haikuhusu tabia. Mwungwana mlevi na mgomvi alibaki mwungwana, na mtumwa mwenye subira na haya alibaki mtumwa. Baadaye lugha ikafanya jambo la hatari: ikachukua daraja ikaigeuza sifa njema. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wema wote ulikabidhiwa kwa kundi moja, na waliobaki wakaachiwa kinyume chake.

Mjinga je? Hapa pwani, karne ya 19, mjinga alikuwa mgeni, na hasa mtumwa aliyefika karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtu mzima, pengine fundi wa chuma kwao, pengine mganga, pengine mama wa watoto wanne, amefikishwa mahali asipoelewa hata neno la maji. Mji ukamwita mjinga. Leo tunawaita hivyo watoto darasani.

Mshenzi? Mtu wa bara, asiye wa dini na desturi za pwani. Ustaarabu? Sikilizeni vizuri lile neno, Arabu imo ndani yake: kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu. Kila tunaposema "nchi zilizostaarabika", tunapanda ngazi iliyojengwa na mtu mwingine, na tunaipanda tukidhani ni ardhi tambarare.

Na kuna neno moja nalipenda kuliko yote, naomba mlichukue. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Asili yake ni kutuma. Na kutuma huko huko kumetupa neno Mtume. Shina moja! Mmoja katumwa na Mungu, mmoja katumwa sokoni. Lugha haikuona tofauti kati ya hao wawili isipokuwa nani aliyewatuma. Kila nikiwafundisha wanafunzi jambo hili darasa linanyamaza, na mimi hunyamaza nao.

Waliopigwa chapa hizi hawakukaa kimya. Wapagazi waliotoka pwani na misafara kwenda Umanyema na mto Kongo, wengi wao walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Walipofika huko walijiita waungwana. Na watu wa huko wakawakubalia, hata Kiswahili walichokipeleka kikaitwa Kingwana, na hadi leo jina hilo linajulikana Kongo. Mnaona? Mtu alikuwa mtumwa Pangani, akatembea miezi, akawa mwungwana. Mwili ule ule, damu ile ile. Kama daraja ingekuwa kwenye damu, ingebadilikaje kwa kutembea?

Lakini mnaona pia upande wa pili, wala siuruki. Mtu yule yule alipofika kule akawaita wenyeji washenzi. Hakuivunja ngazi. Alipanda kipandio kimoja, akapata wa kumkanyaga.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaamini kwamba sheria ilimaliza kazi. Tuitazame sheria hiyo.

Unguja, 1873, Sultani Barghash anatia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini linafungwa. Soko limefungwa, umiliki haujafungwa. Aprili 1897, Sultani Hamoud anatoa amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Hapo wengi hufunga kitabu. Mimi nawaomba mkifungue tena. Amri ile ilisema mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Ilisema fidia italipwa. Fidia kwa nani? Kwa bwana! Aliyefanya kazi maisha yake yote bila ujira hakupewa hata pishi ya mpunga, aliyemfanyisha kazi ndiye aliyelipwa. Masuria wakatolewa katika amri ile, wakasubiri hadi 1909. Na kifungu kingine kikasema aliyepata uhuru lazima aonyeshe ana makazi maalumu na njia ya kuishi, la sivyo atahesabiwa mzururaji.

Aonyeshe ana makazi. Mtu aliyetolewa kwao kwa kamba ya shingo, siku ya uhuru wake serikali inamuuliza: kwako ni wapi?

Basi wengi walirudi pale pale kwenye shamba la mikarafuu la bwana yule yule, kuomba pahali pa kujenga kibanda. Na wenzetu wa mwambao wa Kenya? Utumwa ulifutwa kisheria 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Aliyekuwa na madai yanayotambulikana akaandikiwa shamba. Aliyeachwa huru mwaka mmoja nyuma angedai kwa hati gani, kwa jina la babu gani? Wajukuu wa watu wale, pamoja na Wamijikenda ambao ardhi ilikuwa yao tangu awali, wakawa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati ya ardhi, na hadi leo wako wanaoitwa maskwota mahali walipozaliwa baba na babu zao. Miaka miwili ile, 1907 na 1908, naomba walimu wa historia mzifundishe siku moja. Mkizitenganisha, mnafundisha uhuru. Mkiziweka pamoja, mnafundisha ukweli.

Na huku kwetu? Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliweka tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wahesabiwe huru. Wengine wangoje. Wakangoja hadi Waingereza walipoufuta mwaka 1922.

Hapa niwaambieni jambo la nyumba yetu ambalo sijawahi kulisema hadharani. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pangani kabla ya tarehe ile. Mdogo wake, kaka, alizaliwa baada yake. Mama mmoja, baba mmoja, kibanda kimoja, titi moja. Huyu mtumwa, huyu huru. Sheria iligawa tumbo la mwanamke mmoja! Bibi aliupata uhuru wake wa karatasi akiwa msichana mkubwa, na sijui kama kuna mtu aliyekwenda kumwambia.

Mimi nilimjua bibi. Alikufa nikiwa na miaka 15. Kila sikukuu ya Idd alikuwa akinishika mkono tunakwenda kusalimia kwenye nyumba aliyokuwa akiiita nyumba kubwa. Anachukua mkate wa kumimina ndani ya kawa. Tukifika kwenye kona, hatua kama 30 kabla ya ile nyumba, bibi anasimama, anavua makubadhi yake, anayabana kwapani, anatembea peku hadi mlangoni. Hakuna aliyemwambia avue. Wakati huo tumeshapata uhuru, bendera iko juu, redio inasema sisi sote ni ndugu. Watu wa nyumba ile walikuwa wema kwake, walimpa kitenge, walimpa nyama ya sikukuu. Lakini zamani mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya waungwana, na bibi alikuwa na mwili uliofundishwa.

Siku moja nikamuuliza, bibi, nani amekwambia uvue?

Akaniambia, "Miguu inajua yenyewe."

Nimesoma vitabu vingi juu ya jambo hili. Sijaona ukurasa unaolieleza kuliko maneno matatu yale. Daraja zikishaingia miguuni, hazihitaji tena askari.

Wakoloni hawakuzileta daraja pwani, walizikuta. Walichofanya ni kuziongezea orofa juu na kuzipa makaratasi. Wakajiweka wenyewe juu kabisa, Wahindi na Waarabu katikati, Mwafrika chini. Shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Treni nayo vivyo hivyo, na Mwafrika daraja la tatu. Kenya wakamtundikia mwanaume wa Kiafrika kipande shingoni, karatasi ndani ya kibati, na asipoonekana nacho anakamatwa. Mtu aliyekuwa juu katika ngazi ya zamani akajiona anashushwa, naye badala ya kuuliza kwa nini kuna ngazi, akauliza mbona mimi nimewekwa kipandio hiki. Unguja kwenye sensa ya 1924 maelfu ya watu walijiandikisha Waswahili. Ilipofika 1931, jina lile lilikuwa limekimbiwa. Watu hawakuhama. Majina ndiyo yalihama, kwa sababu Mswahili kwa masikio ya mji ule lilianza kusikika kama mtoto wa mtumwa. Halafu vita kuu ya pili ikaleta mgawo wa chakula, na mgawo ukafuata asili ya mtu: huyu ahesabiwe mchele, huyu ahesabiwe unga wa mahindi. Kama sahani ya watoto wako inategemea jina utakalojiita kwa karani, wewe ungejiitaje?

Mtu wa bara ya magharibi, wa Rwanda, anaijua hadithi hii kwa uchungu mkubwa kuliko sisi. Wabelgiji waliwaandika watu vitambulisho miaka ya 1930: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mwaka 1994 neno moja kwenye karatasi ile, kizuizini barabarani, lilitosha kumwua mtu.

Na Unguja Januari 1964 ngazi iliyokuwa haisemwi ikasemwa kwa mapanga. Maelfu walikufa, wengi kwa sababu tu ya asili yao. Miaka sita baadaye, 1970, wasichana wenye asili ya Kiajemi wakalazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, na ikasemwa kwamba huko ndiko kuvunja ubaguzi. Nasema mbele yenu, nikiwa mjukuu wa mtumwa: ule haukuwa uvunjaji. Msichana aliyelia siku ile alifanywa kile alichofanywa bibi yangu, mwili wake ukatumika kumjibu mtu mwingine. Ukiipindua ngazi miguu juu, vipandio vyake vyote bado vipo.

Nani basi ameivunja kweli? Mimi nikiulizwa hivyo huwa nataja mwanamke mmoja. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, wazazi wametoka bara, baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Jina alilopewa kuzaliwa ni Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Alifinyanga vyungu na kuviuza. Mwaka 1911 akaingia mjini, hana mali, hana nasaba, wala hakusifiwa kwa uzuri wa sura. Alikuwa na sauti. Mji ukamwita Siti, yaani bibi mkubwa, seyyida. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, kwa Kiswahili, na sahani zile zikanunuliwa pwani nzima.

Mnajua waliokereka walimfanyia nini? Walimtungia wimbo kwamba katoka shamba na kaniki. Hawakusema sauti yake mbaya, wasingeweza. Walisema kaniki. Kaniki na merikani ndizo zilikuwa nguo za watumwa. Na merikani, nisimame hapo kidogo, ilikuwa pamba iliyofumwa kaskazini ya Marekani, na sehemu kubwa ya pamba ile ilivunwa kusini na watumwa, Waafrika wenzetu. Mtumwa wa huko kaivuna, mtumwa wa huku kaivaa, na hawakupata kuonana. Siti akawajibu kwa wimbo. Hakusema, hapana, mimi sikutoka shamba, mimi nina babu mkubwa Shirazi au Hadhramaut, kama wengi walivyokuwa wakisema siku zile. Hakujitafutia nasaba! Aliwaambia kwamba kinachompima mtu ni akili yake. Akalibeba swali la "kwao ni wapi" akalitupa chini mbele ya kadamnasi, na mji ukaendelea kumsikiliza hadi alipofariki mwaka 1950.

Sasa niwapeleke Handeni, si mbali na hapa. Wapo wanaojua kijiji cha Chogo. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa, wengine wakati wa njaa wakidanganywa kwamba wanakwenda kupata kazi na chakula, wakauzwa kwenye mwambao wa Somalia. Waliofanikiwa kutoroka wakaingia kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, wakazaa, na hawakuiacha Kizigua. Zaidi ya miaka 150! Wasomali wenzao wakawaita jareer, watu wa nywele ngumu. Dini moja, nchi moja, lakini hawaoani nao. Vita vilipoanza 1991, watu wa nywele ngumu hawakuwa na ukoo wa kuwalinda, wakaporwa na kuuawa kuliko wengine. Wakakimbilia makambi ya Kenya. Maelfu walichukuliwa Marekani kuanzia 2003. Wengine walikuja huku, serikali yetu ikawapa ardhi Chogo na baadaye uraia.

Nilikwenda Chogo mara moja. Mama mmoja alinisalimia kwa Kizigua chenye maneno ambayo mwenyeji niliyefuatana naye, Mzigua wa Handeni, alikuwa ameyasikia kwa bibi yake tu. Akayarudia moja moja, polepole, kama mtu anayepapasa vitu vyake vilivyopotea. Wakashikana mikono. Hawakuulizana kwao wapi.

Hapo ningeweza kumalizia, ni pazuri. Lakini ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu sisi tunaowahurumia waliobaguliwa kwa nywele, tunarudi nyumbani tunamwambia binti yetu usicheze juani utakuwa mweusi. Mitaa yetu imejaa mkorogo. Mtoto akizaliwa tunamtazama masikio tujue atatoka rangi gani! Mama zangu, nasema uongo?

Na yule dada wa kazi. Tunamwita dada. Neno zuri, la undugu. Dada huyu anakula wapi? Anakula saa ngapi? Kikombe chake ni kipi? Katoka bara, ana miaka 16, jina lake la nyumbani limetushinda kulitamka tukampa jingine la kutufaa. Tumempa jina jipya! Mkumbuke Feruzi. Mkumbuke Almasi. Nami najihesabu humo. Alikuwapo binti nyumbani kwangu miaka minne, na siku alipoondoka ndipo nilipogundua sijui jina la baba yake.

Lakini mambo hugeuka, nami nimeyaona yakigeuka. Nimewaambia wazee shikamoo nilipoanza. Shikamoo ni "nashika miguu yako". Zamani aliye chini ndiye aliyempa aliye juu, na mtumwa alimpa bwana wake hata kama bwana ni kijana mdogo. Leo hatuangalii nasaba, tunaangalia umri. Mtoto wa waziri humwamkia mzee muuza kahawa, na akiacha kumwamkia anagombezwa. Hakuna aliyetunga sheria. Watu wamelichukua neno la watumwa wakalifanya haki ya kila atakayejaliwa kuzeeka.

Mdogo wangu alioa mahali pengine, ana wajukuu. Binti yule wa 1986 naye aliolewa, na tunasalimiana sokoni. Kitambaa cha mama ninacho. Mama hakukifungua, nami sijakifungua. Leo nimekuja nacho, kile pale mezani karibu na mlango, mkipita mtakiona.

Pembeni yake nimeweka daftari na kalamu mbili. Kila mtu hapa ana bibi au babu ambaye jina lake halitajwi akija mgeni wa posa. Mnamjua. Mkielekea nje, kama moyo umekubali, liandikeni jina lake, na kama mnakujua alikotolewa, paandikeni pia. Si lazima. Mstari wa kwanza nimeshaandika la bibi yangu.

Mwenyekiti, nakurudishia ukumbi.